Kibali cha kubeba takataka: nani anauza haki hiyo, na kwa bei gani?

Katika mji wa Bukavu, makao makuu ya jimbo la Kivu ya Kusini, sehemu kubwa ya takataka za nyumbani haibebwi na gari la Leta. Inabebwa na vijana na kina mama wenye mikokoteni, na wengine wanabeba mfuko mgongoni, kwa sababu Kadutu kuna avenye nyingi ambamo gari haiwezi kuingia. Kila nyumba inawalipa kidogo, kwa juma ao kwa mwezi. Hawana mshahara wa serikali, hawana bima, na mara nyingi hawana hata kartasi moja inayosema kwamba kazi yao ni halali.

Ndiyo maana kila mara viongozi wanapotafuta feza, swali lilelile linarudi: je, watu hawa walipe kibali? Na kama walipe, kiasi gani? Tangu madiwani wa komini walipochaguliwa tarehe 20 Desemba 2023, swali hili lina mahali pa kujadiliwa. Lakini kabla ya kuandika bei kwenye kartasi, ni vizuri kuangalia wenzetu na wazee wetu walipitia wapi. Jambo hili lina historia ndefu, na historia hiyo inaonyesha wazi nani alikula na nani aliumia.

Wakati wa wakoloni: usafi kama amri

Wabelgiji walipojenga miji ya Congo, usafi haukuwa huduma ambayo raia ananunua. Ulikuwa amri. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, iligawanywa kwa eneo tupu la karibu metre 500 kati ya mtaa wa wazungu na mtaa wa weusi. Walisema mbu hawezi kuruka umbali huo. Katika mji huohuo, kuna picha ya mwaka 1929 ambayo msanii wetu Sammy Baloji aliitumia katika kazi yake: inakumbusha kampeni ambamo mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 waliokufa kabla ya kupewa posho yake ya siku.

Kisha uhuru, amri ilibaki lakini ilibadilishwa jina. Wakati wa Mobutu, katika miaka ya 1970, ilikuja salongo: wote watoke, wafagie, wafungue mifereji. Hata leo miji mingi ina siku ya salongo. Salongo inasaidia, hakuna wa kukataa. Lakini salongo inakusanya takataka kwenye kando ya barabara. Haisemi nani atazitoa pale, kwa chombo gani, na kwa feza ya nani. Mvua ikinyesha, zinarudi kwenye mfereji.

Ndani ya pengo hilo ndimo wabebaji wa kujitegemea walizaliwa. Hakuna aliyewateua, ila nyumba zilikuwa na uchafu, na watu walikuwa na njaa.

Cairo: haki ya takataka iliuzwa kabla ya Leta kufika

Mji wa Afrika ambao unaweza kutufundisha zaidi juu ya kibali ni Cairo, kule Misri. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, watu waliotoka oasi ya Dakhla, katika jangwa la magharibi, walianza kushika kazi ya takataka mjini. Waliitwa wahiya, maana yake watu wa oasi. Walimlipa mwenye jengo ili wapate haki ya kutoa takataka zake, kisha walikusanya feza kila mwezi kwa wapangaji. Takataka walizikausha na kuziuza kama kuni za kuchemsha maji ya hamamu na kupika maharagwe.

Katika miaka ya 1930 na 1940 wakaja watu wengine, maskini zaidi, kutoka upande wa Asyut, kusini mwa nchi. Hao ndio zabbaleen. Walifuga nguruwe, na nguruwe wanahitaji mabaki ya chakula. Basi wahiya wakawauzia haki ya kuingia katika majengo. Tazama mpango huo vizuri: zabbaleen ndiye aliyepanda ngazi na kubeba kikapu, lakini feza ya mpangaji ilienda kwa wahiya. Mbebaji aliishi kwa kile alichochambua: nguruwe, chuma, kartasi, vitambaa, baadaye plastiki.

Hapo tunapata somo la kwanza. Haki ya kubeba takataka ni mali. Ikiwa kuna mali, kutakuwa na mtu wa katikati anayeinunua kwa bei ya jumla na kuiuza kwa bei ya rejareja. Kama komini inatoa vibali vichache kwa bei kubwa, atakayenunua si yule wa mkokoteni. Atanunua mwenye feza, kisha atamkodishia wa mkokoteni.

Mwaka 1970 zabbaleen wengi walifukuzwa walipokuwa, wakaenda kukaa chini ya mlima Mokattam. Mwaka 1983 serikali iliunda mamlaka za usafi za Cairo na Giza. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mikokoteni ya punda ilipigwa marufuku na leseni ikafungamanishwa na gari. Aliyetaka kubaki kazini alipaswa kuwa na gari ao kuungana na wenzake kuunda kampuni. Waliokuwa na akiba ao ndugu wa kuwakopesha waliweza. Waliobaki waligeuka vibarua wa wale walioweza. Kwa hiyo bei ya kibali haiishi kwenye risiti tu. Sharti la chombo nalo ni bei, na mara nyingi ndilo bei kubwa zaidi.

Mwaka 2003 wakubwa wa Cairo walichukua njia nyingine kabisa. Walifanya mikataba ya miaka 15 na makampuni kutoka Hispania na Italia. Malipo ya raia yaliwekwa kwenye bili ya umeme. Makampuni yaliweka mapipa barabarani, lakini wakaaji walikuwa wamezoea mtu kufika mlangoni, na wengi hawakutaka kushuka na uchafu. Zabbaleen waliendelea kupanda ngazi. Sasa raia akalipa mara mbili, kwenye umeme na kwa mbebaji, akakasirika. Makampuni yenyewe yaliishia kuwachukua zabbaleen kama wafanyakazi wa chini kwa malipo madogo. Kufuatana na hesabu inayotajwa sana, zabbaleen walikuwa wakirudisha kwenye matumizi karibu 80% ya walichokusanya, wakati mikataba ilidai makampuni yafikie 20% tu.

Mwaka 2009, kwa hofu ya homa ya H1N1, serikali ya Misri iliamuru nguruwe wote wauawe, karibu 300.000. Mabaki ya chakula yakakosa mlaji, yakabaki barabarani na kuoza. Ndipo wengi walipofahamu kazi iliyokuwa inafanywa kimya kimya na watu ambao hata hawakuhesabiwa. Miaka michache baadaye, wizara ya mazingira ilianza kutafuta namna ya kuwaingiza zabbaleen katika mpango halali wa mji.

Kinshasa: mfadhili akiondoka, nani anabaki?

Turudi nyumbani. Kinshasa, kuanzia mwaka 2008, Umoja wa Ulaya ulilipia mpango mkubwa wa usafi uliojulikana kwa jina la PARAU. Ulihusu sehemu ya komini 24 za mji mkuu. Kulikuwa na vituo vya kukusanyia takataka, magari, na mahali pa kuzifukia kwa kufuata utaalamu, kule Mpasa. Ndani ya mitaa, mkokoteni ulikuwa na nafasi yake: unatoa takataka nyumbani na kuzifikisha kituoni, kisha gari linaendelea.

Mwaka 2015 feza ya Ulaya ilisimama na mji ukachukua mzigo. Haukuweza kuubeba kama zamani. Vituo vilijaa, magari yalipungua, uchafu ukarudi. Mwezi wa Oktoba 2019 rais Félix Tshisekedi alianzisha operesheni Kin Bopeto, yaani Kinshasa safi. Kuzinduliwa upya kwa usafi kila baada ya miaka michache kunaonyesha kwamba tatizo halikuwa ukosefu wa fagio. Ni feza ya kila mwezi ndiyo ilikosa njia ya kudumu.

Katika mabadiliko hayo yote, wasukuma mikokoteni hawakuondoka. Lakini kituo kikifungwa ao kikijaa, mbebaji anaenda wapi na mzigo wake? Anaenda mtoni usiku. Tusimlaumu haraka. Alilipwa kutoa takataka nyumbani, na hakuna aliyemwonyesha mahali pa kuzimwaga.

Sisi hapa tunajua mwisho wa njia hiyo. Bukavu ni milima inayoshuka kwenye ziwa Kivu. Kinachotupwa juu kinafika ziwani, na ziwa linatokea kwenye mto Ruzizi. Kule kwenye bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, plastiki inaziba mitambo, na wafanyakazi wanalazimika kuitoa kwa mikono na mashine. Umeme ukikatika, mara nyingine ni chupa zetu wenyewe zimetukatia.

Sheria inasema nini

Kuna watu wanaofikiri kwamba komini ikitaka feza inaandika bei tu na kutuma wakala barabarani. Sivyo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Sheria nambari 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inapanga kazi za miji, komini, sekta na shefferie. Na amri yenye nguvu ya sheria nambari 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 ina orodha ya kodi na taksi ambazo jimbo na komini zinaruhusiwa kudai. Taksi isiyotoka katika orodha hiyo, raia ana haki ya kuuliza msingi wake. Kuna pia patente, iliyopangwa tangu mwaka 1979 kwa ajili ya biashara ndogo.

Hatari ni hii: mbebaji mmoja anaweza kudaiwa patente na ofisi moja, kibali cha usafi na ofisi ya pili, na tiketi ya kila siku na wakala wa barabarani. Tufanye hesabu ya mfano, si takwimu. Tuseme mama mmoja ana nyumba 60, kila nyumba inamlipa franga 2.000 kwa mwezi. Ni franga 120.000 kwa mwezi, 1.440.000 kwa mwaka. Kibali kikiwa franga 280.000, ni zaidi ya miezi miwili ya kazi. Ongeza tiketi ya franga 500 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: ni 156.000 kwa mwaka. Jumla 436.000, karibu theluthi moja ya yote anayopokea, kabla hajanunua viatu, glavu ao gurudumu jipya. Mama huyo atafanya moja kati ya mawili: ataacha kazi, ao atafanya kazi usiku bila kibali na kumwaga penye giza. Katika hali zote mbili komini haipati feza, na ziwa linapata uchafu.

Basi bei iwekwe namna gani?

Sisemi wabebaji wasilipe chochote. Kibali kina faida kwao pia. Mwenye kibali anajulikana, hafukuzwi ovyo, anaweza kudai haki yake kwa nyumba isiyolipa, na wakaaji wanajua nani wa kumuuliza. Lakini kutokana na tuliyoyaona Cairo na Kinshasa, kuna mambo manne ambayo madiwani wanapaswa kuyaangalia kabla ya kupiga kura.

Kwanza, kibali kimpe mlipaji kitu. Bila mahali halali pa kumwaga, karibu na mtaa na panapoondolewa kwa wakati, kibali ni kodi tu yenye jina zuri. Mahali patangulie, bei ifuate.

Pili, bei ilingane na chombo. Mwenye mkokoteni asilipe sawa na mwenye lori. Na asilazimishwe kuwa na gari pale ambapo gari haipiti.

Tatu, malipo yawe mamoja, kwa mwaka ao kwa miezi mitatu, yenye risiti moja na bei iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi ya komini. Tiketi za kila siku ndizo zinazojaza mifuko ya watu badala ya sanduku la komini.

Nne, kibali kipewe anayefanya kazi, ao chama cha wabebaji wenyewe, na kisiuzwe tena. Tusiwatengenezee wahiya wetu hapa Bukavu.

Ndugu wasomaji, mjadala huu si wa wabebaji na komini peke yao. Feza ya kibali inatoka katika zile franga chache tunazowalipa mlangoni. Bei ikipanda, tutalipa sisi. Mbebaji akikimbia, tutabaki na mifuko yetu. Basi kikao cha madiwani kikitangazwa, twende tukasikilize, na tuwaulize swali moja rahisi: akishalipa, atamwaga wapi?