Mtindo wa Klipu katika Filamu ya Kuigiza

Mtindo wa klipu ni namna ya kupiga picha na kuhariri filamu ambamo mapigo ya muziki, wala si mwendo wa kisa, ndiyo yanayoamua kamera isogee lini na shoti, yaani kipande cha picha kilichonaswa bila kukatizwa, ikatwe wapi. Vijana wa Dar es Salaam huiita video ya wimbo kichupa, neno tamu la mtaani ambalo halijavuka sana mipaka ya Tanzania. Klipu, iliyoingia Burundi na Kongo kupitia Kifaransa, inafaa zaidi katika maandishi ya taaluma, mradi isidhaniwe kuwa ni uhariri pekee, kwani rangi, mwanga na mwigizaji anayeikodolea kamera macho navyo vimo.

Mtindo huu ulishika kasi baada ya kituo cha MTV kuanza kurusha matangazo Marekani mwaka 1981, na filamu ya Flashdance (1983) ikauingiza kwenye majumba ya sinema. Mtaalamu wa filamu David Bordwell alionyesha kuwa shoti ya Hollywood, iliyodumu wastani wa sekunde 8 hadi 11 kati ya 1930 na 1960, ilifupika sana kufikia mwisho wa karne. Hata hivyo kasi peke yake haitoshi kuitwa klipu, kwa sababu mapigano yanaweza kukatwakatwa upesi na bado kila mkato ukafuata kitendo.

Mfano wa karibu ni Neptune Frost (2021) ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ambayo kisa chake kimo katika vilima vya Burundi ingawa ilipigwa Rwanda. Mwanzoni, katika mgodi wa koltani, mchimbaji Tekno anasimamisha kazi ili alitazame jiwe aliloliokota, mlinzi anampiga na kumuua, na maombolezo ya nduguye Matalusa, anayeigizwa na mwanamuziki wa Burundi Bertrand Ninteretse, yanabebwa na ngoma. Kwa kuwa mdundo huo ni wa watu wanaofiwa, hauonekani kama pambo lililobandikwa na mhariri.

Mtazamaji wa Makebuko nchini Burundi, aliye mkoa mmoja na Gishora, mahali patakatifu pa ngoma, ana kipimo chake cha jambo hili: katika ngoma za kifalme za Burundi, zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2014, ngoma ziitwazo amashakwe hushikilia mdundo usiobadilika huku zile za ibishikizo zikiifuata inkiranya, ngoma iongozayo iliyo katikati. Mkato nao huhitaji inkiranya yake, na katika filamu ya kuigiza nafasi hiyo ni ya mhusika. Ikishikwa na wimbo, mazungumzo ndiyo huumia kwanza, maana uso wa anayesikiliza huchelewa kubadilika, na mkato unaokimbilia pigo linalofuata huuondoa machoni kabla jibu halijaiva.