Kubadilishiwa vali ya moyo: Maandalizi ya mgonjwa na maisha baada ya upasuaji

Mkazi wa tarafa ya Rugerero, wilayani Rubavu, anayeambiwa na daktari kwamba vali ya moyo wake imeharibika na inapaswa kubadilishwa, huwa na maswali mengi kuliko majibu. Upasuaji wenyewe hufanyika Kigali, takriban kilomita 150 kutoka nyumbani, nao huchukua saa chache tu. Matunzo yanayofuata ni ya maisha yote, na sehemu kubwa yake humwangukia mgonjwa mwenyewe, familia yake na wauguzi wa karibu naye.

Chanzo cha ugonjwa

Moyo una vali 4, ambazo ni milango midogo inayoruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Katika nchi za Afrika Mashariki, vali za vijana wengi huharibiwa na homa ya rumatiki. Homa hiyo hufuata maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokoka, hasa kwa watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 15. Koo lisipotibiwa kwa penisilini, kinga ya mwili inaweza kuushambulia moyo wenyewe. Vali hukakamaa au kuvuja, na miaka kadhaa baadaye mgonjwa huanza kuishiwa pumzi anapopanda kilima, kuvimba miguu na kushindwa kulala chali.

Mahali pa kupata huduma

Kwa miaka mingi Wanyarwanda waliohitaji upasuaji huu walitegemea safari za ng'ambo au timu za madaktari wageni. Watoto kadhaa walipelekwa Khartoum, Sudan, katika kituo cha Salam kilichofunguliwa mwaka 2007 na shirika la Italia la EMERGENCY, ambako walipasuliwa bila malipo. Tangu mwaka 2008, shirika la Team Heart kutoka Marekani limekuwa likileta wataalamu katika Hospitali ya King Faisal mjini Kigali. Hospitali hiyo sasa ina timu yake ya upasuaji wa moyo inayojumuisha madaktari Wanyarwanda.

Mgonjwa wa Rugerero huanzia katika kituo cha afya, akapewa rufaa kwenda Hospitali ya Gisenyi, kisha hospitali ya rufaa. Mwenye bima ya mutuelle anashauriwa kufuata ngazi hizo na kutunza karatasi za rufaa. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kupanua orodha ya huduma zinazogharimiwa na mutuelle, upasuaji wa moyo ukiwa miongoni mwake. Ni vema familia iulize mapema ni gharama zipi zitabaki mikononi mwake, zikiwemo nauli, chakula na malazi ya anayemuuguza mgonjwa.

Uchaguzi wa vali

Kuna vali za aina mbili. Vali ya chuma na kaboni inaweza kudumu zaidi ya miaka 20, lakini humlazimu mgonjwa kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda, iitwayo wafarini, kila siku ya maisha yake. Vali iliyotengenezwa kwa tishu za mnyama kwa kawaida haihitaji dawa hiyo kwa muda mrefu. Hata hivyo, huchakaa baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa vijana huchakaa mapema zaidi, hivyo upasuaji wa pili huwa hauepukiki.

Uamuzi hutegemea umri, umbali wa mahali pa kupimiwa damu, na kwa mwanamke, nia ya kuzaa. Mgonjwa Mwislamu anayesitasita kuhusu tishu za nguruwe ana haki ya kuuliza, kwani zipo vali za tishu za ng'ombe.

Kabla ya upasuaji

Mgonjwa hufanyiwa ekografia ya moyo, picha ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo na vipimo vya damu, figo na ini. Meno nayo huchunguzwa, na yaliyooza hutibiwa au kung'olewa kabla, kwa sababu bakteria wa kinywani wanaweza kupita katika damu na kushambulia vali mpya.

Daktari aelezwe dawa zote zinazotumiwa, zikiwemo za mitishamba. Tumbaku iachwe wiki kadhaa mapema. Mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku mto ukishikiliwa kifuani yaanze nyumbani, kwa kuwa yatahitajika mara baada ya upasuaji ili mapafu yasijae makohozi. Nyumbani, familia ipange mapema ni nani atakayechota maji, kulima na kubeba watoto kwa miezi miwili au mitatu.

Hospitalini

Daktari hupasua mfupa wa kifua, mashine ikachukua kazi ya moyo na mapafu, na vali mbovu ikaondolewa. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua saa 3 hadi 6. Mgonjwa huamkia katika chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na mirija kooni na kifuani, jambo ambalo ndugu waelezwe mapema ili wasiogope. Asipopata matatizo, huruhusiwa baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Mwenye vali ya chuma anaweza kusikia mlio mdogo kama wa saa kifuani. Mlio huo ni wa kawaida.

Wiki za kwanza nyumbani

Mfupa wa kifua huunga polepole kama mfupa wowote uliovunjika. Kwa wiki 6 hadi 12 mgonjwa asinyanyue kitu kinachozidi kilo 4 au 5. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Jembe, mzigo kichwani na mtoto mgongoni navyo havifai. Kupanda pikipiki nako kusubiri. Kutembea ni dawa: dakika 5 mara kadhaa kwa siku, zikiongezwa kidogo kidogo.

Wafarini na kipimo cha INR

Damu ya mwenye vali ya chuma ikiwa nzito mno, donge linaweza kuziba vali au kusababisha kiharusi. Ikiwa nyepesi mno, atavuja damu. Kipimo cha INR ndicho huonyesha hali hiyo. Kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3 kwa vali ya aota, na kati ya 2.5 na 3.5 kwa vali ya mitrali. Daktari ndiye hupanga kiwango cha kila mgonjwa.

Dawa imezwe saa ileile kila jioni. Anayefunga Ramadhani anaweza kuimeza baada ya futari, lakini azungumze na daktari kabla ya kufunga. Isombe na dodo zina vitamini K inayopunguza nguvu ya wafarini. Hakuna haja ya kuziacha. La muhimu ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Aspirini, ibuprofeni, pombe nyingi na dawa za kienyeji ziepukwe bila ushauri wa daktari. Wanaovuka mpaka kwenda Goma kila siku wabebe kadi yao ya matibabu, na wasinunue vidonge bila kuhakikisha miligramu, kwani vidonge vya wafarini vina nguvu tofauti.

Ujauzito

Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya ujauzito. Lakini mama anayeiacha ghafla anaweza kupoteza maisha kwa vali kuziba. Kwa hiyo uzazi wa mpango uzungumzwe kabla ya kutoka hospitalini, na mwanamke aliyekosa hedhi amwone daktari mara moja bila kuacha dawa kwa uamuzi wake.

Sindano ya penisilini huendelea

Wengi hudhani kwamba vali mpya imemaliza ugonjwa. Homa ya rumatiki inaweza kurudi na kuharibu vali zilizosalia, hivyo sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 hadi 4 huendelea kwa muda atakaoamua daktari. Muuguzi aambiwe kwamba mgonjwa anatumia wafarini, ili akandamize mahali pa sindano kwa muda mrefu zaidi. Kabla ya kung'oa jino, daktari wa meno naye ajulishwe.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mgonjwa asisubiri siku ya miadi akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha kwenye kidonda, uzito kuongezeka kilo 2 ndani ya wiki, kuishiwa pumzi, choo cheusi, damu ya pua isiyokoma, mlio wa vali kutoweka, au mdomo kupinda na mkono kulegea. Katika hali hizo, Hospitali ya Gisenyi iliyo jirani ndiyo ya kukimbilia kwanza, kadi ya wafarini ikiwa mkononi.