Chunusi kwa mtoto mchanga: kwa nini hutoka, na wakati gani umuwahishe hospitali

Mtoto huzaliwa akiwa na ngozi laini, kila anayekuja kumuona anamsifia. Ikifika wiki ya pili au ya tatu, mama anaamka asubuhi na kukuta mashavu yamejaa vipele vyekundu. Hapo ushauri unaanza kumiminika. Jirani anasema apakwe hiki, shangazi anasema mama aache pilipili, mwingine anadai eti maziwa ya mama ni machafu.

Mara nyingi vipele hivyo ni chunusi za watoto wachanga na huondoka zenyewe. Kinachowaletea watoto wengi madhara siyo chunusi, ni vitu wanavyopakwa ili zipone haraka.

Zinafananaje?

Inakadiriwa mtoto 1 kati ya 5 hupata chunusi hizi, kwa kawaida kati ya wiki 2 na 4 baada ya kuzaliwa. Ni vipele vidogo vyekundu, vingine vikiwa na kichwa cheupe, na hutoka zaidi mashavuni, kwenye paji la uso, puani na kidevuni. Mtoto akilia au akipata joto huonekana zaidi.

Haziumi wala haziwashi. Mtoto ananyonya, analala na kuongezeka uzito kama kawaida. Nyingi huisha ndani ya wiki chache, nyingine huchukua hadi miezi 3 au 4, na haziachi makovu.

Husababishwa na nini?

Wataalamu wanataja mambo mawili. La kwanza ni homoni, za mama alizopata mtoto akiwa tumboni na za mwili wake mwenyewe, ambazo huamsha tezi za mafuta kwenye ngozi. La pili ni aina ya fangasi wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, ambao ngozi changa ya mtoto bado haijawazoea.

Kwa hiyo chunusi hizi siyo uchafu, na hazisababishwi na maziwa ya mama wala chakula alichokula. Hakuna sababu ya kumwachisha mtoto kunyonya.

Vipele vingine vinavyofanana nazo

- Vidoti vyeupe puani na mashavuni tangu kuzaliwa: siyo chunusi, huisha vyenyewe ndani ya wiki chache.
- Mabaka mekundu yenye vipele katikati, siku 2 au 3 za kwanza: ni kawaida, huondoka baada ya siku kadhaa.
- Harara: vipele vya joto shingoni, kwapani na mgongoni. Mpunguzie nguo na umuweke penye hewa.
- Ukurutu (pumu ya ngozi): ngozi inakauka, inakuwa na magamba na kuwasha. Huanza zaidi baada ya miezi 2 au 3.

Nini cha kufanya

- Muoshe uso mara 1 kwa siku kwa maji ya uvuguvugu. Sabuni ikihitajika, iwe ya mtoto isiyo na harufu kali.
- Mkaushe taratibu kwa kitambaa laini, bila kusugua.
- Usimpake mafuta mazito usoni.
- Kata kucha zake ili asijikwaruze.

Usifanye haya

- Usizikamue. Kidonda kinaweza kuingia vijidudu na kuacha kovu.
- Usimpake dawa ya meno, spiriti, limao wala dawa za chunusi za watu wazima.
- Usinunue krimu duka la dawa bila kuandikiwa. Krimu nyingi za "vipele" zina steroidi kali kama betamethasone au clobetasol. Vipele hupungua haraka, mama anafurahi, lakini akiacha vinaweza kurudi kwa nguvu. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, hivyo dawa hupenya hadi kwenye damu. Ikitumika muda mrefu hudhoofisha ngozi na inaweza kuvuruga homoni na ukuaji wake.

Lini umpeleke hospitali?

Muwahishe siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona:

- Joto la mwili limefika nyuzi 38 au zaidi, au mwili ni wa baridi isivyo kawaida
- Hanyonyi, amelegea, au anapata degedege
- Anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika
- Malengelenge yenye maji yaliyokaa kwa makundi
- Vipele vyenye usaha mwingi, au ngozi imevimba na kuwa ya moto

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa ni wa dharura. Usimpe dawa nyumbani na kusubiri kukuche.

Kama hana dalili hizo lakini bado una wasiwasi, muoneshe mhudumu siku ya kliniki ya wiki ya 6 anapokwenda kupata chanjo. Chunusi zinazoanza baada ya hapo, hasa kuanzia miezi 3, zikiwa ngumu, kubwa au na vichwa vyeusi, zinahitaji daktari kwa sababu hizo zinaweza kuacha makovu.