Kumlaza Mgeni Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Historia ya ukarimu kaskazini mwa Ziwa Tanganyika imeandikwa, kwa sehemu kubwa, na wageni wenyewe. Burton na Speke walifika Uvira tarehe 26 Aprili 1858. Walijiwa na wana watatu wa Sultani Maruta, nao wakawaeleza kuwa mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Habari hiyo ilimhuzunisha Burton, aliyetumaini kuwa hapo ndipo chanzo cha Naili. Mwaka 1864, akiwa kwao, alidai kinyume chake, na wenyeji wake hawakuwa na pa kumjibia.

Mnamo Novemba 1871 Livingstone na Stanley walithibitisha kauli ya wana wa Maruta. Safarini walilala kwa Mukamba, mtawala katika Usige, iliyomo Burundi ya leo. Stanley anasimulia kuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, alilewa pombe aliyokirimiwa na Mukamba, akajitupa usiku kitandani mwa bwana wake. Livingstone, akidhani ni Stanley, alimpisha hadi ukingoni. Alfajiri, baridi ilipomzidi, akagundua ni nani aliyejifunika mablanketi yote. Kisa hiki huchekesha, lakini pia kinafichua jambo. Mgeni ameeleza pombe, kitanda na blanketi. Ni nani aliyepika pombe hiyo, au aliyeteka maji, hakusema.

Pengo hilo ni zito zaidi mtu akiutazama ukarimu wa watu wasio watawala. Bwegera iko katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya taifa namba 5, na bonde hilo limepokea wageni wa aina nyingine kabisa. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, Warundi wengi walivuka mto. Kambi zao katika eneo la Uvira zilitawanywa na vita mwishoni mwa 1996. Yakafuata mauaji ya Mutarule, Juni 2014, kisha mafuriko ya Uvira, Aprili 2020. Mgeni wa namna hii haji na doti za merikani, wala hajui ataondoka lini. Katika nyumba ya vyumba viwili, kumpa faragha ni kuwakusanya watoto kwenye mkeka mmoja.

Methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu husomwa mara nyingi kama kejeli ya mwenyeji aliyechoka. Katika bonde la mpunga na muhogo usomaji huo hautoshi. Aliyekimbia bila kitu huona haya kula bure, na jembe humwondolea haya hiyo. Huenda likamtuliza kuliko kitanda.

Kumbukumbu za kambi hazielezi ni nani aliyelala chini ili mwingine apate godoro. Wanawake waliotandika mikeka hiyo, baadhi yao wangali hai, na wanaweza kuulizwa kwa Kiswahili.