Kinanda Kinachoitika

Jumamosi moja mama wa mwanafunzi wangu alinipigia simu akiwa dukani. "Mwalimu, habari za mchana. Niko hapa na kaka muuzaji, anasema hiki kina sauti 400 na midundo 77. Nichukue?"

"Mama, hebu muulize kwanza kama kinaitika."

Nikamsikia akiuliza, na muuzaji akajibu bila kusita: "Kinaitika sana, mama! Si unaona spika mbili hizo?"

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimetumia neno la darasani kwangu kana kwamba nchi nzima imeshalipitisha. Lakini nikiambiwa nilitaje kwa neno jingine linaloeleweka madukani, silioni, na hicho ndicho kisa cha makala haya.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna vinanda ambavyo ukibonyeza ufunguo taratibu sauti hutoka ndogo, ukiupiga kwa kasi hutoka kubwa. Na kuna vingine ambavyo upapase, upige, uangushie kitabu cha nyimbo, sauti ni ile ile. Kwa anayeanza kujifunza, tofauti hiyo ina uzito kuliko sauti 400 ambazo 380 kati yake hatazigusa tena baada ya wiki ya kwanza.

Kwa nini hatuna neno lake? Nadhani ni kwa sababu ya neno kinanda lenyewe, ambalo limebeba mizigo mingi kwa karne nyingi. Kwa wazee wa pwani kilikuwa chombo cha nyuzi, jamaa wa gambusi na udi. Vyombo vya kanisani vilipokuja na wamisionari, jina likahamia huko. Zikaja santuri, na mashine ya kuzipigia nayo ikaitwa kinanda. Hata kile kidude cha kupuliza kinachokaa mfukoni kikawa kinanda cha mdomo. Leo ukilitaja Dar es Salaam, mtu huona kibodi ya umeme ya kwaya au ya bendi ya taarabu.

Sasa ndani ya jina hilo moja zimelala koo mbili zisizofanana tabia. Kinanda cha upepo cha kanisani, kile cha kukanyaga, hutoa sauti kwa hewa. Ufunguo kazi yake ni kufungua tundu tu. Kidole kiwe cha mtoto au cha mbeba magunia, hakibadilishi kitu, ukubwa wa sauti unatoka miguuni. Ukoo wa pili ni wa piano. Fundi Bartolomeo Cristofori, aliyekuwa akiwafanyia kazi akina Medici huko Firenze, Italia, alikuwa ameshaiunda kufikia mwaka 1700. Vinanda vya nyuzi vilivyotamba Ulaya wakati huo vilidonoa nyuzi kwa ncha ya unyoya, na unyoya hudonoa vilevile kila mara. Yeye akaweka nyundo ndogo, na nyundo hufuata mkono. Chombo kikaitwa kwa maneno ya Kitaliano yenye maana ya sauti ndogo na sauti kubwa, piano e forte, kisha watu wakachoka na jina refu wakabaki na nusu ya kwanza.

Wengi tunaofundisha kinanda tumetoka kwenye ukoo wa kwanza. Tulijifunzia kanisani, nyuma ya kwaya, kwa sol-fa iliyoandikwa kwa mkono. Hatukuwahi kuuliza kama chombo kinaitika kidole kwa sababu hakikuwahi kuitika.

Mwaka jana nilifungua kinanda changu kuwafukuza mende, nikapata nafasi ya kuona siri yenyewe. Chini ya funguo kuna utepe wa mpira wenye vinundu laini, kila ufunguo na kinundu chake. Ukikipindua kinundu unakuta vidoa viwili vyeusi vya kaboni. Ufunguo ukishuka, kidoa kimoja hugusa ubao wa saketi mapema kidogo kuliko cha pili, na prosesa huhesabu muda uliopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Muda mfupi maana yake kidole kilikuja kwa kasi, basi sauti kubwa. Muda mrefu, sauti ndogo. Kinanda kisichoitika huhitaji kidoa kimoja tu, kwani hakina cha kulinganisha.

Kwa hiyo kinanda hakipimi nguvu hata kidogo. Egemeza kiwiko kwenye ufunguo polepole, kwa uzito wako wote, utapata mnong'ono.

Ndiyo maana tafsiri inayomjia mtu haraka, unyeti wa mguso, hainipendezi. Inamfanya mtu afikiri chombo kinahisi jinsi unavyokigandamiza. Tena mguso umeshachukuliwa: mwambie mnunuzi kinanda hiki ni cha mguso, atatafuta kioo cha kupangusa kama cha simu. Watu wa studio wana velositi, na wako sahihi, kwa sababu katika mfumo wa MIDI uliotoka 1983 kila pigo hupewa namba ya kasi kuanzia 1 hadi 127. Ila velositi ni neno la mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akihariri. Kasi ya kidole? Ni sahihi pia, lakini inataja anachofanya mpigaji, ilhali mama yule alikwenda kununua kinachofanywa na chombo.

Mimi nasema mwitiko wa kidole, na kinanda chenyewe kinaitika. Kwetu mtu akiitwa haachi kujibu: naam, au abee. Na hujibu kwa kadiri alivyoitwa. Aliyeitwa kwa kunong'onezwa hajibu kwa kupayuka. Najua neno mwitiko limechoshwa na taarifa za habari, kila mkutano una mwitiko mkubwa wa wananchi. Hilo neno kidole ndilo linalolirudisha kazini.

Turudi dukani. Casio wana ndugu wawili waliotoka pamoja, CT-S200 na CT-S300. Vyote vina funguo 61, sauti 400, midundo 77, na vyote hukubali betri 6 ndogo umeme ukikatika. Ukisoma namba kubwa za kwenye boksi huoni sababu ya kulipa zaidi. Sababu ni kwamba 300 inaitika na 200 haiitiki. Kwa Yamaha ni vivyo hivyo: PSR-E273 haiitiki, PSR-E373 inaitika. Ningekuwa na bajeti finyu, ningechukua kinachoitika kilichotumika kuliko kisichoitika kipya.

Usiuamini mdomo wa muuzaji, wala si kwamba ni mwongo. Hakuna aliyempa neno. Zima mdundo, weka sauti ya piano, kisha piga ufunguo mmoja mara mbili, taratibu na kwa kasi. Iwe sauti ya piano kweli, maana ukijaribia sauti ya ogani hata kinanda kizuri kinaweza kugoma kuitika, kikiuiga ule ukoo wa kwanza. Mwitiko wenyewe pia huweza kuwa umezimwa kwenye mipangilio, kwa hiyo mpe muuzaji nafasi ya kuutafuta kabla hujakikataa chombo cha watu.

Mengine ni mafupi. Funguo ziwe za ukubwa kamili, si zile za kitoto. Kuwe na tundu la pedali na la hedifoni, majirani watakushukuru. Piano ya umeme ya funguo 88 nzito ni nzuri, lakini inaweza kusubiri. Na cha mtumba kisipokuja na adapta yake, soma volti na alama ya ncha kabla ya kuchomeka ya kuazima: CT-S hizi hutaka volti 9.5, PSR hizi hutaka volti 12 na chanya katikati. Nilishawahi kupuuza mchoro huo mdogo. Harufu yake naikumbuka.

Yote hayo nilimweleza mama kwa simu, salio likimwishia. Baada ya robo saa ukaingia ujumbe wa sauti. Nota moja, ndogo. Nota ile ile, kubwa. Kisha tena ndogo, tena kubwa, na nyuma yake sauti ya muuzaji: "Mama, inatosha, ni kizima hicho!"