Jemedari wa Salongo

Unasimama Shari, Bunia, katika jimbo la Ituri. Mto Shari, wenye jina hilihili, huingia mto Ituri. Ituri huwa Aruwimi, na Aruwimi huingia katika mto Kongo. Hakuna tone linalofika mbali peke yake.

Watu nao wana njia yao ya kuungana: salongo, kazi ya pamoja ya kufagia njia, kuzibua mifereji na kufyeka majani. Miaka ya 1970, utawala wa Mobutu uliifanya kuwa wajibu wa raia wa Zaire. Zaire ilipita, salongo ikabaki.

Kila mtaa una jemedari wake, na bango hili ni la heshima yake. Huamka kabla ya jogoo, jembe begani kama mkuki. Farasi wake ni toroli la gurudumu moja. Adui yake ni matope, na hajawahi kuyakimbia. Hupita mlango kwa mlango akiita jeshi: “Mama, leta ufagio! Papa, leta panga! Kidole kimoja hakivunji chawa!” Mwenye usingizi huitwa mara tatu, mara ya nne huletewa jembe hadi kizingitini.

Jua likipanda, mfereji unapumua. Aliyelima na aliyefagia, wa kabila hili na lile, hunywa maji kwa kikombe kimoja. Katika Ituri iliyojeruhiwa na vita, huo ndio ushindi wake mkubwa.

Ukivuka njia kavu baada ya mvua, mshukuru.