Wanawake na Kazi ya Mionzi

Msimu wa pamba ukifika, malori hutoka Bariadi, yakashika barabara ya Lamadi na kuelekea Mwanza. Njia hiyohiyo ndiyo wanayopita akina mama wa Simiyu wenye saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, wanapokwenda hospitali ya Bugando kupata tiba ya mionzi. Kwa miaka mingi safari haikuishia hapo. Nchi nzima iliitegemea Ocean Road ya Dar es Salaam, hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, na kutoka Bariadi ni zaidi ya kilomita 1,000. Aliyekosa nauli alibaki nyumbani na maumivu yake.

Katika chumba cha mashine, mgonjwa hapokewi na daktari peke yake. Yupo mtaalamu wa mionzi anayemlaza sawasawa, anayehakikisha miale inaelekea panapotakiwa, kisha anatoka, anafunga mlango mzito na kumwangalia kupitia kamera. Wengi huidhania kazi ya wanaume. Historia haisemi hivyo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Marie Curie, aliyekuwa tayari na tuzo mbili za Nobel, alifunga mashine za eksirei kwenye magari ili majeruhi wapigwe picha karibu na uwanja wa vita. Magari yalitaka mafundi, na wanaume walikuwa kwenye mahandaki. Akaanza kuwafundisha wanawake mjini Paris: umeme, mashine, maumbile ya mwili. Hadi vita vinakwisha walikuwa wamehitimu wapatao 150.

Marekani mambo yalikuwa machungu. Kuanzia mwaka 1917, katika mji wa Orange, New Jersey, wasichana waliajiriwa kupaka nyuso za saa rangi yenye radiamu, elementi inayotoa mionzi, ili zing'ae gizani. Walielekezwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo. Walimeza sumu siku baada ya siku, meno yakadondoka, mifupa ya taya ikaoza. Mwaka 1927 mmoja wao, Grace Fryer, na wenzake wanne waliishtaki kampuni, na mwaka uliofuata wakalipwa fidia. Kesi yao ilichangia sana kuuamsha ulimwengu kuhusu kinga ya mfanyakazi wa mionzi.

Vita Kuu ya Pili ikaileta Afrika katikati ya simulizi hii. Urani kutoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ilisafirishwa hadi Marekani, na huko Oak Ridge, Tennessee, maelfu ya wasichana, wengi wakiwa wametoka tu shule ya sekondari, walikaa mbele ya mashine za kuitenganisha, wakizungusha vitufe na kutazama mishale. Waliposhindanishwa na wanasayansi wenye shahada za juu, wasichana walizalisha zaidi. Lakini walifichwa wanachotengeneza, hadi Hiroshima ilipopigwa bomu la atomu Agosti 1945. Ustadi wao ulitumiwa bila ridhaa yao, na hilo linastahili kutajwa kila sifa zao zinapotajwa.

Tanzania ilitunga sheria ya kinga ya mionzi mwaka 1983, kisha Sheria Na. 7 ya 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Leo mtaalamu wa mionzi huvaa kifuani kifaa kidogo kinachopima kiasi cha mionzi kilichompata. Wasichana wa Orange hawakuwa nacho.

Tiba ya mionzi ilifika Bugando miaka ya 2010 ikielekea ukingoni. Mama wa Kisukuma anayetibiwa mlango wa kizazi huvuliwa sitiri yake mbele ya mtaalamu. Kumkuta mwanamke mwenzake pale si jambo dogo. Na kazi hiyo inasomewa palepale Bugando, katika chuo kikuu chake cha afya, kwa anayekuja na fizikia, kemia na biolojia. Mzazi wa Bariadi, Maswa au Meatu mwenye binti anayeipenda fizikia asikubali aiache anapoingia kidato cha tatu.